Mkate ni wa nani? Tanuri kama jukwaa la sanaa ya wengi

Mwishoni mwa Novemba 2014, kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) ilikaa jijini Paris kuamua ni turathi zipi zisizoshikika zinazostahili kuingia katika orodha zake. Wakenya waliokuwa wakifuatilia kikao hicho walikuwa na sababu moja kubwa ya kutega masikio, nayo ni ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Isukuti iliingia, tena katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Tukashangilia, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Kilichotupita wengi wetu ni kwamba katika kikao hichohicho, kamati hiyohiyo iliingiza mkate.

Naam, mkate. Unaitwa lavash, na ulipelekwa na Armenia. Ila msomaji akilisoma ombi lenyewe kwa makini ataona kwamba kilichoingizwa si kile kitu cha kutafuna. Ni utayarishaji wake, maana yake na sura yake katika utamaduni wa nchi hiyo. Ni kama vile ambavyo Isukuti si ngozi na mti wa ngoma bali ni kule kuchezwa kwake. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu swali ambalo mkate huo unaliibua linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuuonja: je, kukanda unga na kuoka ni sanaa? Na kama ni sanaa, msanii ni nani?

Hebu kwanza tutazame kazi yenyewe. Unga wa ngano hukandwa kwa maji. Mara nyingine hutiwa chachu, mara nyingine hautiwi. Donge kubwa hukatwa vidonge, na kila kidonge husukumwa hadi kiwe chembamba mno. Mkate huo mbichi huvutwa na kutandazwa juu ya mto maalumu wenye umbo la yai. Halafu mtu huinama juu ya tanuri la udongo, ambalo kwao huitwa tonir, akaubandika mkate kwenye ukuta wa ndani kwa pigo moja la ule mto. Akikosea pigo, mkate unaanguka motoni. Akichelewa, unaungua, kwani hukaa ukutani kati ya sekunde 30 na dakika moja tu. Kisha hubanduliwa na kurundikwa juu ya mingine.

Sasa mtu mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo? Ajaribu! Anayesukuma hana nafasi ya kutandaza, anayetandaza hawezi kuwa ndiye anayechungulia moto, na moto haumsubiri mtu. Ndiyo maana lavash huokwa na kikundi cha wanawake waliozoeana, ambao mikono yao inajua zamu bila mdomo kuamuru. Wanaume nao wana sehemu yao, ila si hapo kwenye joto. Wao hujenga matanuri na kutengeneza ile mito. Na kwa kuwa mkate huo ukikaushwa huweza kuhifadhiwa hadi miezi sita, kisha ukalainishwa kwa kunyunyiziwa maji, familia huoka mwingi kwa mpigo mmoja. Uokaji wa namna hiyo haumalizwi na nyumba moja, sharti majirani waje.

Mtu aliyewahi kuwaona wapigaji wa Isukuti atakuwa ameshaanza kutabasamu. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Ukiitoa moja tu, zinazobaki zinapiga kelele. Kwa hiyo sioni ajabu yoyote kwamba mambo haya mawili yalikaa katika ajenda ya kikao kimoja. Yote mawili ni sanaa ya zamu, na katika sanaa ya zamu hakuna hadhira iliyoketi kando ikipunga mikono. Aliyekuja kutazama baada ya kitambo atakuwa ameshapewa donge alikande.

Kiswahili chenyewe hakitusumbui katika suala hili kama zinavyosumbuliwa lugha nyingine. Neno sanaa limetoka katika Kiarabu, na huko lilikotoka linahusu utengenezaji wa vitu na ufundi wa mikono. Mchonga milango wa Lamu, mfua fedha, mshona kofia, wote wamo ndani ya neno hilo bila kuombewa ruhusa. Dhana kwamba sanaa ni kile tu kinachotundikwa ukutani na kulipiwa kiingilio tumeipata baadaye, kupitia mitaala na majumba ya maonyesho. Wahakiki wetu wanapozungumzia ‘sanaa shirikishi’ siku hizi utadhani wamevumbua kitu, kumbe ni kulirudisha neno nyumbani kwake.

Historia ya mkate nayo ni ya wengi tangu zamani sana. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika eneo la Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Yordani, walikuta makombo ya mkate bapa yaliyoungua na kubaki mekoni kwa takriban miaka 14,400. Hesabu hiyo inautanguliza mkate mbele ya kilimo kwa takriban miaka 4,000! Yaani watu walichuma nafaka za mwituni na viazi vya majini, wakazitwanga, wakazisaga, wakakanda, wakaoka, kabla hata hawajafikiria kulima shamba. Kazi yote hiyo kwa kipande kidogo cha mkate. Wanaakiolojia wamejiuliza kama mkate huo haukuwa chakula cha karamu kuliko cha kila siku, na mimi naona dhana hiyo ina mashiko.

Tanuri lilikuja kuukaza ushirika huo kwa sababu isiyo ya kishairi hata kidogo, nayo ni kuni. Kulipasha joto tanuri la udongo au la matofali hula kuni nyingi, na likishapata moto ni israfu kuoka mikate miwili ukaliacha lipoe. Basi mtaa mzima ukawa na tanuri moja. Katika miji ya kale ya Moroko mpaka leo kuna matanuri ya mitaa ambako watoto hupeleka ubao wenye mikate mibichi kutoka nyumbani, na mwokaji anaijua mikate ya kila nyumba kwa kuitazama tu. Kule Matera, kusini mwa Italia, akina mama walipeleka madonge yao kwenye tanuri la pamoja na kuyapiga mhuri wa mti uliochongwa herufi za jina la familia, ili mkate wa huyu usije ukachukuliwa na yule. Mihuri hiyo, ambayo aghalabu ilichongwa na wachungaji, leo inauzwa kwa watalii kama pambo. Na kuna mkate mmoja wa Herculaneum, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, ambao bado unasomeka mhuri wake: ulikuwa wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mtumwa huyo hana kaburi linalojulikana wala hadithi iliyoandikwa, ila jina lake limesalia juu ya mkate.

Nisije nikampaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamfanya aamini kwamba kila tanuri la wengi lilikuwa la furaha. Ufaransa ya enzi za mabwana wa ardhi ilikuwa na tanuri la kijiji vilevile, lakini lilikuwa mali ya bwana. Mkulima alilazimika kuoka humo na si kwingine, na alilipia kwa kuachia sehemu ya mkate wake. Haki hiyo ya mabwana ilikuwa miongoni mwa zilizoshambuliwa usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, na ikafutwa kabisa bila fidia mnamo Julai 1793. Tazama basi: tanuri lilelile, kijiji kilekile, unga uleule. Tofauti ni nani aliyeushika mlango. Watu wanaposhiriki kwa kulazimishwa hawafanyi sanaa, wanatumikishwa. Hoja hii tuiweke kando kidogo, tutaihitaji mbele.

Tuligeukie neno tanuri, maana safu hii ni ya lugha na nisingependa mhariri anikumbushe. Wanaisimu hulifuatilia hadi Kiakadi, lugha ya Mesopotamia ya kale, ambako lilitamkwa tinuru. Likapita katika Kiaramu, Kiebrania na Kiarabu kwa umbo la tannur, Uajemi likawa tanur, Waturuki wakaliita tandır, Bara Hindi tandur, Wajojia tone, na Waarmenia hiyo tonir tuliyoianza nayo. Likashuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu, tukalifanya tanuri. Wengine husema tanuu, na wasomaji wa Biblia wanalijua zaidi kama tanuru, lile la kina Shadraka. Mwembe wa neno moja umetoa matawi kutoka Babeli hadi Lamu, na kila tawi linabeba tunda lilelile: chombo cha udongo chenye moto tumboni.

Nalo tanuri la pwani halikuwa la kuchomea chokaa tu. Kulikuwa na mkate wa mofa, na katika sehemu chache za Lamu na Unguja bado upo. Ni mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo. Msomaji ameona? Mtama badala ya ngano, mkate mdogo badala ya mpana, lakini kitendo ni kilekile cha kuinama juu ya joto, kubandika na kubandua. Sidai kwamba mofa ni mtoto wa lavash. Ninachosema ni kwamba mtu wa Pate angefika Armenia bila kujua neno hata moja la huko, angekaribia tonir na kuelewa mara moja anayeketi wapi na anafanya nini. Pia angecheka kwamba wanatumia mto.

Turudi kwenye orodha ya UNESCO, maana hapo palizuka mzozo. Armenia ilipotambuliwa mwaka 2014, majirani zake hawakufurahi, hasa Azerbaijan. Walisema: lavash ni yetu pia, iweje iandikwe kwa jina la nchi moja? Nchi hizo mbili zina damu kati yao. Zimepigana vita juu ya ardhi tangu miaka ya mwisho ya Muungano wa Kisovyeti, na watu kwa maelfu wameuawa au kufurushwa makwao. Katika hali hiyo, mkate haubaki kuwa mkate. Unakuwa hati ya shamba. Anayethibitisha kwamba babu zake walioka hapa anathibitisha kwamba walikaa hapa.

Miaka miwili baadaye, kamati hiyo ilikutana barani kwetu, jijini Addis Ababa. Safari hii nchi tano ziliwasilisha ombi kwa pamoja: Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki. Hazikuandika jina moja la mkate bali manne, lavash, katyrma, jupka na yufka, na kilichotajwa mbele ya majina hayo ni utamaduni wa kutengeneza na kugawana mkate bapa. Ombi lilipita. Likaeleza kwamba kazi hiyo huhitaji watu wasiopungua watatu, mara nyingi wa familia moja, na kwamba vijijini majirani huingia pia. Kyrgyzstan wanaamini kuugawa mkate humpa marehemu hali njema zaidi huko aendako. Kazakhstan huuandaa msibani ili umlinde aliyefariki wakati hatima yake ikisubiri uamuzi wa Mungu. Uturuki hupewa majirani wa maharusi. Na Azerbaijan huwekwa juu ya mabega ya bibi harusi, ili nyumba yake isipungukiwe.

Sasa fungua ombi la Armenia la mwaka 2014 usome sehemu ya harusi. Nao huweka lavash mabegani mwa maharusi, kuwaombea uzazi na neema.

Nililisoma hilo mara mbili. Mataifa mawili ambayo askari wao wamelengana bunduki kwa miongo kadhaa yanamvika bibi harusi mkate uleule, begani palepale, kwa dua ileile. Wanadiplomasia waliona humo ushahidi wa wizi. Mimi naona kinyume chake. Sanaa inayofanywa kwa zamu haina ukuta wa kuizuia, kwa sababu kila aliyeolewa kijiji cha pili alikwenda nayo mikononi, na kila jirani aliyeitwa kusaidia alirudi kwake ameijua. Miliki ya jambo kama hilo unaipatia wapi? Sisi watu wa Kiswahili tunaijua ladha ya mzozo wa aina hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa mlangoni, na hadi leo ukitaka kikao cha wasomi kichangamke uliza tu, ‘Kiswahili hasa ni cha wapi?’ Utaona viti vinavyosogezwa.

Kinachonipendeza katika ombi la Addis Ababa ni lile neno ‘kugawana’. Walipoacha kutetea jina na kutetea kitendo, nchi tano zikaenea. Inasikitisha kwamba Armenia haikuwamo. Kwa hiyo kuna mikate miwili katika orodha, kila mmoja una kurasa zake, na tonir na tandır hazikukutana kwenye karatasi ijapokuwa ni neno moja.

Wapo wasanii wa siku hizi walioigundua nguvu hii ya mkate na kuifanya kazi yao ya maisha. Mashuhuri zaidi ni Peter Schumann, aliyezaliwa mwaka 1934 katika jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa la Ujerumani na leo ni sehemu ya Poland. Familia yake iliikimbia Silesia mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Alichotoka nacho kwao ni mkate wa mamaye, mkate mzito wa nafaka ya rai uliochachushwa kwa bonge la unga wa zamani. Mwaka 1963, akiwa jijini New York na mkewe Elka, alianzisha kikundi cha maonyesho kilichoitwa Bread and Puppet, yaani mkate na karagosi. Na hilo karagosi nalo, kwa taarifa ya msomaji, ni msafiri. Chimbuko lake ni Karagöz, mhusika wa tamthilia ya vivuli ya Waturuki.

Maonyesho yao ya mwanzo yalihusu kodi za nyumba, panya na polisi, mambo ya mtaani walikokaa. Vita vya Vietnam viliposhamiri, makaragosi yao makubwa kupindukia yaliongoza maandamano barabarani. Lakini jambo ambalo kila aliyehudhuria hulikumbuka ni kwamba Schumann aliwapa watazamaji mkate aliouoka mwenyewe, umepakwa mchuzi mzito wa vitunguu saumu, bila malipo. Mkate ule haukuwa wa kubembeleza meno. Unatafunwa kwa bidii. Ndivyo alivyotaka, kwani aliamini kwamba sanaa ni chakula cha lazima, na chakula cha lazima hakimezwi kwa raha kama peremende.

Mwaka 1970 walihamia jimbo la Vermont, na mwaka 1974 wakakaa katika shamba huko Glover. Kila kiangazi waliandaa tamasha kubwa la wazi ambalo waigizaji wake wengi walikuwa watu wa kujitolea. Mtu alifika asubuhi kama mgeni, jioni yuko ndani ya karagosi. Umati ukaongezeka hadi makumi ya maelfu, na ukubwa huo ndio ulioliua tamasha: mwaka 1998 mtu mmoja alifariki baada ya ugomvi katika kambi ya wageni, na Schumann akalifunga. Waliendelea na maonyesho madogo ya wikendi. Funzo moja hapo ni la hesabu tu. Tanuri moja linaweza kulisha mtaa, linaweza hata kulisha kijiji, lakini umati wa watu elfu thelathini hauwezi kuukanda unga pamoja. Unageuka hadhira, na hadhira ikishakuwa kubwa kupita kiasi inaanza kutaka huduma.

Na sisi je? Mkate wa dukani kwetu bara haukuja na tanuri la mtaa. Ngano ilikuja kama zao la walowezi, katika mashamba makubwa ya Njoro na kwingineko, na mkate ukatufikia umeshaokwa, umeshakatwa vipande na umeshafungwa. Tulialikwa kama wanunuzi. Ndiyo maana mkate wa boflo hauna ngoma, hauna nyimbo wala methali za kutosha, ijapokuwa tunaula kila asubuhi. Haukupita mikononi mwetu.

Chapati, hiyo ni hadithi nyingine. Neno na kitu chenyewe vilitoka Bara Hindi, lakini nenda katika boma lolote siku ya Krismasi uone tumeifanya nini. Shangazi mmoja anakanda kwenye beseni hadi jasho limtoke. Binamu anakata madonge na kuyakunja kama konokono ili zije na matabaka. Wawili wanasukuma, mmoja juu ya kibao na mwingine juu ya meza iliyopanguswa, na ole wake anayetoa isiyo mviringo, ataambiwa amechora ramani ya Afrika. Mwenye kikaango hasogei, hata akiitwa na wageni. Mtoto amekabidhiwa hotpoti ailinde, naye ndiye mwizi wa kwanza. Maneno yanayosemwa katika saa hizo tatu, utani wa mawifi, habari za nani ameoa na nani amekosana na nani, hayasemwi kwingine kokote kwa mwaka mzima. Chukua chapati hizohizo uziagize kutoka hotelini, zitashibisha. Lakini wifi atakaa sebuleni na simu yake, na shangazi ataondoka mapema.

Hapo ndipo ile hoja ya tanuri la Ufaransa inaporudi, maana wapo watakaoniambia, na wana haki, kwamba ushirika huo wa jikoni umewaangukia wanawake peke yao huku wanaume wakiwa chini ya mwembe wakisubiri. Ni kweli. Sanaa shirikishi ambamo nusu ya watu hushiriki kwa kula tu ina kasoro, na Armenia haikwepi lawama hiyo ingawa wanaume wake hushona mito. Kulinda jambo si lazima kulihifadhi na dosari zake zote. Siku hizi nimeona vijana wa kiume wakisukuma chapati bila aibu, wengine kwa ustadi wa kuwashangaza mama zao, na duara likabaki duara.

Kuna mfano wa karibu wa namna ya kuyahifadhi mambo haya. Kuanzia mwaka 2007, wataalamu wa Kenya na UNESCO walianza juhudi za kuorodhesha vyakula vya kiasili na desturi zake, na jamii mbili zilizoangaziwa ni Wapokot wa mashariki na Waisukha. Ndiyo, Waisukha walewale wa Isukuti. Wanafunzi wa shule walipelekwa kwa wazee kuuliza majina ya mboga, namna ya kuzipika na nani hula nini lini. Mwaka 2021 kazi hiyo iliingizwa katika sajili ya UNESCO ya mifano bora ya uhifadhi. Waliouliza walikuwa watoto, na walioulizwa walikuwa nyanya zao. Hakuna aliyesubiri profesa.

Tanuri la mofa linangoja wanafunzi wa aina hiyo. Kamusi zetu zinatoa maana ya mofa kwa mstari mmoja, kisha zinapita. Lakini anayebandika huitwaje, na anayewasha huitwaje? Kipo chombo cha kubandulia, na kina jina gani Lamu, jina gani Unguja? Unga wa mtama hukandwa kwa maji ya moto au baridi, na donge likiwa halijawa tayari mwokaji husema nini? Nani huruhusiwa kukaa karibu na tanuri na nani hufukuzwa? Mwanafunzi wa isimu anayehangaika kutafuta mada ya tasnifu anaweza kupanda basi la Lamu hata mwezi ujao. Aende na daftari, na aende na kilo mbili za unga, kwa sababu akifika mikono mitupu atapewa majibu ya mgeni.